Uliza Mwalimu wa Wauguzi: Mgongo wa Mwanafunzi Anapoingia Wodini

Wanafunzi wa uuguzi wanapotoka darasani kwenda wodini kwa mafunzo ya vitendo, barua zinazofika kwenye ukurasa huu hubadilika. Maswali ya mitihani hupungua, na maswali ya kiuno, shingo na miguu huongezeka. Toleo hili nimewatengea wao pamoja na wale wanaowalea na kuwafundisha. Majina ya waandishi na ya hospitali walizozitaja nimeyaondoa.

Salamu Mwalimu. Niko mwaka wa pili wa stashahada ya uuguzi hapa Kisumu. Tangu nipangiwe wodi ya wanaume, kiuno kinaniuma kila jioni. Darasani tulifundishwa kukunja magoti, kunyoosha mgongo na kuusogeza mzigo karibu na mwili, nami najitahidi kufanya hivyo. Lakini tuna wagonjwa wa kiharusi wanaogeuzwa kila baada ya saa mbili, na mara nyingi tuko watu wawili au watatu kwa wodi nzima. Nakosea wapi? Mwenzangu ananishauri ninunue mkanda wa kiuno. Utanisaidia?

Mwanangu, kwa maelezo yako sioni ulipokosea. Ulichofundishwa ni kweli, ila kimebebeshwa kazi inayozidi uwezo wake. Kanuni ya kukunja magoti inafaa kwa mzigo uliotulia sakafuni, ambao unaweza kuukaribia, kuukumbatia na kusimama nao. Mgonjwa aliyelala kitandani hayuko hivyo. Ukingo wa kitanda huyazuia magoti yako, mgonjwa mwenyewe amelala katikati ya godoro, na wewe unalazimika kuinama na kunyoosha mikono mbele ndipo umfikie. Uzito ukiwa mbali na mwili, misuli ya mgongo huvuta kwa nguvu inayozidi uzito wenyewe mara kadhaa, na shinikizo hilo huishia kwenye diski zilizo kati ya pingili za chini za uti wa mgongo. Ukijipinda huku umeinama, kama inavyotokea unapomhamisha mtu kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu, diski hizo huumia kwa urahisi zaidi.

Kuna kipimo ambacho ningependa kila mwanafunzi akijue. Taasisi ya utafiti wa usalama na afya kazini ya Marekani, NIOSH, hutumia kilo 23 kuwa kikomo cha mzigo wa kawaida unaoinuliwa katika mazingira mazuri kabisa. Mwaka wa 2007, Thomas Waters, mtafiti wa taasisi hiyo, alipendekeza kwamba anayeinua mgonjwa kwa mikono asizidishe takriban kilo 16, kwa sababu mgonjwa anaweza kushtuka, kulegea ghafla au kukushika shingo kwa hofu, mambo ambayo sanduku haliyafanyi. Sasa fikiria kwamba mguu mmoja wa mtu mzima, kuanzia nyonga hadi kwenye vidole, una takriban asilimia 16 ya uzito wake. Kwa mgonjwa wa kilo 80 hizo ni karibu kilo 13. Kuushikilia mguu huo hewani wakati mwenzako anafunga kidonda kunakuweka karibu kabisa na kikomo, na bado hujagusa kiwiliwili. Hakuna namna ya kukunja magoti itakayomfanya mtu mmoja aweze kumwinua mgonjwa kama huyo kwa usalama.

Kwa hiyo swali la kujiuliza kando ya kitanda ni namna ya kufanya kazi hiyo bila kuinua kabisa, au kwa kuinua kidogo iwezekanavyo. Tuchukue kazi inayorudiwa sana wodini, yaani kumrudisha juu mgonjwa aliyeteleza kuelekea miguuni. Funga breki za magurudumu, na ukivute kitanda kutoka ukutani ili mtu mmoja asimame kila upande. Kama sehemu ya kichwa ilikuwa imeinuliwa, ishushe hadi kitanda kiwe tambarare, isipokuwa kwa mgonjwa anayeshindwa kupumua akilala hivyo, kwa maana ukimvuta kitanda kikiwa kimeinuka unampandisha mlima. Ondoa mto chini ya kichwa chake. Muombe akunje goti lenye nguvu, akanyage godoro kwa kisigino na kuinamisha kidevu kifuani, kwani hata mgonjwa wa kiharusi mara nyingi ana upande mmoja wenye uwezo, na kumshirikisha ni sehemu ya tiba yake. Kisha nyinyi wawili mkunje kingo za shuka la katikati, lile linaloanzia mabegani hadi kwenye mapaja, mpaka ngumi zenu ziwe karibu na mwili wake. Simameni mguu mmoja ukiwa mbele ya mwingine, mkielekea upande wa kichwani. Mtu mmoja tu ahesabu kwa sauti, na kwenye tatu hamisheni uzito wa miili yenu kutoka mguu wa nyuma hadi wa mbele. Nguvu itoke kwenye mapaja na makalio, na mgonjwa ateleze bila kuning'inia. Kama hasogei, ongezeni mtu wa tatu badala ya kuvuta kwa kishindo.

Kumgeuza kuna ufundi wake pia. Kunja goti lake la upande ulio mbali nawe, mlaze mkono wa upande huo juu ya kifua, weka kiganja kimoja nyuma ya bega na kingine nyuma ya nyonga, kisha mviringishe kuelekea kwako. Goti lililokunjwa hufanya sehemu kubwa ya kazi. Usimvute kamwe kwa mkono uliopooza. Bega la upande huo huteguka kwa urahisi, na maumivu yake humtesa mgonjwa muda mrefu baada ya wewe kuhama wodi.

Kimo cha kitanda nacho ni muhimu. Vitanda vingi vya wodini vina mkono wa chuma wa kuzungusha pale miguuni, na wanafunzi huupita kila siku bila kuugusa. Uzungushe siku ya kwanza ujue unainua nini. Ukikuta kitanda kinapanda chote, kipandishe hadi usawa wa kiuno chako kabla ya kumwosha mgonjwa au kubadilisha shuka, na ukishushe ukimaliza ili asianguke. Kama hakipandi, weka goti moja juu ya ukingo wa godoro pale usafi unaporuhusu, au vuta kiti ukae unapomlisha mgonjwa au kutafuta mshipa, badala ya kuinama dakika kumi nzima. Mgongo uliokaa umeinama bila kusogea huchoka hata kama haujabeba chochote.

Kuhusu mkanda, nakuomba uhifadhi pesa zako. Mwaka wa 2016 jarida la kitabibu la JAMA Internal Medicine lilichapisha uchambuzi wa majaribio 21 yenye washiriki zaidi ya 30,000 kuhusu kuzuia maumivu ya kiuno. Mikanda haikuonekana kuyazuia, wala soli maalumu za viatu. Mafunzo peke yake pia hayakuyazuia, na hilo lapaswa kutusumbua sisi walimu. Kilichofaa ni mazoezi ya mwili: yakichanganywa na mafunzo yalipunguza uwezekano wa kupata maumivu kwa takriban asilimia 45. Faida hiyo hufifia kadiri muda unavyopita, na maelezo ya karibu ni kwamba watu huacha mazoezi.

Mwalimu, hujambo? Nasomea uuguzi Nakuru. Natembea wodini tangu saa moja na nusu asubuhi hadi jioni, kisha nabeba maji hadi ghorofa ya tatu hosteli. Naambiwa nifanye mazoezi. Je, haya si mazoezi tayari? Chumba chetu kina vitanda vinne na nafasi ya kupita tu.

Sijambo, mwanangu. Uchovu wako ni wa kweli, lakini kazi na mazoezi haviujengi mwili kwa namna moja. Kazi ya wodi ni ya kusimama, kuinama na kutembea hatua fupi kwa saa nyingi bila wewe kuchagua wakati wa kupumzika, na haikupandishi mapigo ya moyo kiasi cha kuuimarisha. Mazoezi ni mafupi, yana nguvu zaidi, hupanda hatua kwa hatua, na hufuatwa na mapumziko ambayo ndani yake misuli hujengeka. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za shughuli ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za shughuli nzito, na kuongeza mazoezi ya kujenga misuli mikuu angalau siku mbili kwa wiki. Nusu hii ya pili ndiyo ambayo wanafunzi wengi huiruka, na kwa muuguzi ndiyo ninayoiona kuwa muhimu kuliko zote.

Nafasi ya kupita kati ya vitanda inatosha. Tandika leso au mkeka sakafuni. Zoezi la kwanza: lala chali, goti moja likunjwe na mguu wa pili ubaki umenyooka, weka viganja chini ya kiuno ili uwazi wake wa asili usibonyezwe, kisha inua kichwa na mabega kidogo tu kutoka sakafuni, shingo isikunjwe. La pili: lala ubavu, jiegemeze kwenye kigasha, kunja magoti na uinue nyonga hadi mwili uwe mstari mmoja kutoka bega hadi goti, ukizoea, nyoosha miguu. La tatu: piga magoti na viganja sakafuni, nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma bila kiuno kulegea wala nyonga kuinuka upande, kisha badilisha. Kila mkao ushikilie kwa takriban sekunde 10, pumzika kidogo, rudia mara tano au sita kila upande, huku ukiendelea kupumua. Mazoezi haya matatu yanajulikana sana kupitia kazi ya Stuart McGill wa Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada, na uzuri wake ni kwamba hujenga ustahimilivu wa misuli inayouzunguka uti wa mgongo bila kuzikandamiza diski mno.

Kisha geuza maji yako yawe zoezi. Jerikeni ya lita 20 ikijaa ina kilo 20 za maji, na ukiibeba kwa mkono mmoja mgongo wako hupinda kuelekea upande wa pili kila hatua. Heri jerikeni mbili za lita 10, moja kila mkono, au nusu nusu kwa safari mbili. Unapoiokota, sukuma makalio nyuma, magoti yalegee, kifua kibaki wazi, jerikeni ipite karibu na miguu. Ukifanya hivyo mara 10 taratibu kwa jerikeni yenye lita 10, utakuwa umezoeza mwendo uleule unaouhitaji kando ya kitanda. Ongeza kuchuchumaa na kusimama mara 10 hadi 15, bila mzigo mwanzoni. Yote haya hayazidi dakika 20, mara tatu kwa wiki. Kwa moyo na mapafu, shuka kwenye matatu kituo kimoja kabla ya chuo na utembee kwa kasi ambayo unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba.

Jambo moja la tahadhari. Tunapolala usiku diski za mgongo hufyonza maji na kuvimba, ndiyo maana asubuhi mtu huwa mrefu kidogo kuliko jioni. Katika saa ya kwanza baada ya kuamka, diski hizo zimekaza na kuinama sana kunazilemea kuliko wakati mwingine. Usifanye mazoezi ya kuinama mara tu utokapo kitandani, na kama una zamu ya alfajiri, kazi ya kwanza isiwe kumwinua mtu. Anza kwa kupokea ripoti, kupima joto na shinikizo la damu, mwili uchangamke.

Mwalimu, mimi ni mama wa mwanafunzi wa uuguzi, naandika kutoka Kakamega. Binti yangu amekuja nyumbani likizo akilalamika shingo na kiuno. Anasomea kitandani usiku kwa simu. Nimemwambia alale wiki nzima apumzike. Nimefanya vyema?

Dada yangu, mwache apumzike siku moja au mbili kama maumivu ni makali, lakini wiki nzima kitandani itamchelewesha kupona, kwa sababu misuli hudhoofika upesi na mgongo hukakamaa. Atembee uani, asaidie kazi nyepesi, aoge maji ya moto, na aepuke kuinua vizito hadi maumivu yapungue.

Shingo yake huenda inatokana na hiyo simu kwa sehemu kubwa. Anapoinamisha kichwa muda mrefu, misuli ya nyuma ya shingo hukishikilia bila kupumzika. Mtafutie meza, hata ile ya jikoni, na kiti ambacho miguu yake inafika sakafuni. Simu au kitabu kiinuliwe juu ya rundo la vitabu vingine hadi karibu na usawa wa macho, na kila nusu saa asimame, azungushe mabega na kutazama mbali.

Ziko dalili ambazo hazingoji. Akipata ganzi sehemu za siri au mapajani kwa ndani, akishindwa kuzuia au kutoa mkojo, au mguu ukilegea, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, kwa maana mishipa ya fahamu inaweza kuwa imebanwa na kuchelewa huacha ulemavu. Maumivu yanayoambatana na homa, kupungua uzito au kutokwa jasho usiku nayo yachunguzwe mapema. Kifua kikuu huweza kuingia kwenye uti wa mgongo, na mtu anayefanya kazi wodini yuko karibu na ugonjwa huo.

Kwako Mwalimu. Katika darasa letu hapa Bungoma tuko wanaume wachache. Kila mgonjwa mzito akihitaji kuhamishwa, mimi ndiye ninayeitwa, wakati mwingine peke yangu. Naogopa kukataa kwa sababu kitabu changu cha mafunzo kinahitaji sahihi ya msimamizi wa wodi.

Hofu yako naielewa, na siipuuzi, kwa sababu sahihi hiyo ina uzito. Hata hivyo diski za mwanamume ni diski, na kikomo cha kilo 16 nilichokitaja hakibagui. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamzuia mwajiri kumtaka mfanyakazi abebe mzigo ambao kwa uzito wake unaweza kumjeruhi, na makusudi ya sheria hiyo yanawagusa hata watu wengine wanaoweza kudhurika na shughuli za mahali pa kazi. Sikuambii uingie wodini na sheria mkononi. Nakushauri utumie maneno yanayomlinda mgonjwa, kwa sababu yanasikika upesi na ni ya kweli: "Sista, nitamhamisha, ila naomba mtu wa pili ili tusimwangushe." Muuguzi mzoefu hatakasirishwa na ombi hilo. Likikataliwa tena na tena, mweleze mkufunzi wako wa chuo, ukitaja tarehe na kazi yenyewe bila kumshambulia mtu.

Ukiumia, toa taarifa siku hiyohiyo, hakikisha imeandikwa kwenye kitabu cha matukio cha wodi, na upimwe. Wanafunzi wengi hunyamaza wakidhani ni aibu, na miezi sita baadaye hakuna wa kuthibitisha kwamba maumivu yalianzia kazini.

Mwalimu mwenzangu, nafundisha uuguzi katika chuo kimoja hapa magharibi. Tuna somo moja la kuinua wagonjwa katika muhula wa kwanza, na wanafunzi bado wanaumia. Tubadilishe nini bila bajeti kubwa?

Mwenzangu, nimefurahi kwamba wewe ndiye uliyeuliza. Somo la muhula wa kwanza husahaulika kabla mwanafunzi hajamgusa mgonjwa mzito. Ligawanye: saa chache kabla ya kila awamu ya wodi, likilenga kazi za wodi ile. Wodi ya wazazi ina kuinama kwa muda mrefu mama anapojifungua na anaponyonyesha. Wodi ya mifupa ina miguu yenye plasta. Chumba cha upasuaji ni cha kusimama bila kusogea. Mwanasesere wa mazoezi hatoshi, kwa sababu hashtuki wala halegei. Wanafunzi walale kitandani kwa zamu na kuhamishwa na wenzao, ili kila mmoja ajue inavyokuwa kuvutwa na watu wasiohesabu pamoja. Simu ziwe kwenye rekodi, kila mtu auone mgongo wake mwenyewe. Tazama sare pia: gauni jembamba linalobana magoti humnyima mwanafunzi nafasi ya kutanua miguu, naye hulazimika kuinamia kiuno. Suruali au sketi pana, na viatu visivyoteleza vyenye kisigino kifupi, ni uamuzi wa chuo na gharama yake ni ndogo.

Mazoezi yapewe saa yake kwenye ratiba kama somo la anatomia linavyopewa. Ukiyaacha yawe hiari ya jioni, watakaohudhuria ni wale waliokuwa wakifanya mazoezi tayari. Dakika 20 mara mbili kwa wiki, kabla ya kipindi cha kwanza cha alasiri, hazihitaji vifaa vyovyote, na ukishiriki nao darasa zima litafika.

Mwisho, kaa na hospitali mnakopeleka wanafunzi kabla ya awamu inayofuata. Omba mambo mawili yaandikwe kwenye makubaliano: kwamba mwanafunzi hahamishi mgonjwa asiyejiweza akiwa peke yake, na kwamba kila wodi itakuwa na mashuka ya kutosha ya kuvutia wagonjwa pamoja na ubao wa kuhamishia mtu kutoka kitandani hadi kwenye machela. Ubao laini wa mbao uliopigwa msasa na kupakwa vanishi unaweza kutengenezwa na fundi seremala yeyote. Mpelekee vipimo vya kitanda na machela yenu, na umwambie kingo zote ziviringwe zisimkwaruze mgonjwa.